Kumi na Nne Juu ya Arobaini

Mjukuu wangu anacheza mpira kwa mshahara, katika timu ya daraja la kwanza hapa Bujumbura. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu wako watu wanaodhani mpira ni kazi ya waliokosa kazi. Ana mkataba, ana kadi yenye picha yake, na akiumia goti timu ndiyo inayompeleka kwa daktari, siku wakikumbuka. Anacheza katikati. Ana miaka ishirini na mitatu, nami nimemlea tangu ana miwili. Kwa hiyo mtu akisema kijana huyu hana akili, anasema juu ya kazi ya mikono yangu.

Na walisema. Tena waliandika, wakabandika mlangoni.

Ilianza pale prezida wa timu alipomleta mtaalamu. Kijana msafi, Mrundi mwenzetu, aliyekaa ng'ambo miaka mingi akisomea vichwa vya watu. Prezida alikuwa amesikia kwamba huko mbali wachezaji wakubwa hupimwa akili kabla ya kununuliwa, naye akataka wake wapimwe. Timu ilikuwa imealikwa kwenye mashindano katika nchi ya jirani. Basi ni moja, wachezaji wa kwenda ni ishirini, na timu nzima ina watu ishirini na saba. Kocha alikuwa na ishirini wake kichwani, mjukuu wangu akiwamo, maana hakuna mechi aliyoikosa mwaka ule ila ile ya malaria. Prezida akasema apana, safari hii hatuchagui kwa macho, tunachagua kwa sayansi. Watafanya testi, na ishirini wa kwanza ndio watakaopanda basi.

Testi yenyewe waliifanyia Ngagara, kwenye uwanja wao wa mazoezi, ndani ya chumba cha kuvalia nguo. Mazoezi yalikuwa ndiyo kwanza yamekwisha, jasho halijakauka, kila mtu na karatasi yake juu ya paja. Maswali arobaini, yote kwa Kifaransa. Dakika kumi na tano. Mtaalamu alisimama katikati na saa mkononi kama mtu anayechemsha mayai.

Siku ile alirudi nyumbani akanawa miguu, akakaa kula. Nilikuwa nimepika ndagala wa ziwani na ugali wa muhogo.

"Imekuwaje?" nikamuuliza.

"Sijamaliza, Bibi."

"Ilikuwa ngumu?"

"Apana. Muda ndio umekwisha."

Nikamwambia ale. Sikujua kwamba lile neno "sijamaliza" litanitoa nyumbani.

Sisi tunakaa Buyenzi, na anayeijua Buyenzi anajua kwamba habari haiingii kwa mlango, inaingia kwa mafundi wa magari. Mbele ya nyumba yangu wako wanne, wanalala chini ya magari kutwa nzima, miguu tu ndiyo inaonekana, lakini masikio yao yako mjini. Siku ya tatu, mjukuu wangu akipita na begi lake la viatu, nikasikia mmoja anapaza sauti kutoka chini ya gari:

"Jamani, nani ananiletea spana ya kumi na nne?"

"Ile pale inapita!" akajibu mwenzake, na ile miguu yote ikatikisika kwa kicheko.

Mjukuu wangu hakugeuka. Na huyu ni mtu ambaye kila siku hujibizana nao, huwatania kwamba hawajawahi kuona gari kwa upande wa juu. Nikatoka.

"Nyinyi," nikasema, "kuna nini cha kumi na nne?"

Mmoja akatoa kichwa, grisi mpaka kwenye nyusi.

"Apana kitu, Bibi. Ni mambo ya testi."

"Testi gani?"

"Ile ya akili. Mutoto amepata kumi na nne juu ya arobaini. Lisiti ya majina iko mulangoni kwa timu, watu wameipiga picha, iko mu simu zote."

Nilimfuata mjukuu wangu ndani. Nikamwambia anipe simu. Sisomi Kifaransa, lakini namba nazijua, na jina lake nalijua, mimi ndiye niliyempa. Lilikuwa la ishirini na tano kutoka juu. Mbele yake, kumi na nne. Na juu ya karatasi kulikuwa na neno kubwa ambalo alinisomea bila kuinua macho: *Intelligence*.

"Hili ni nini?"

"Ubwenge, Bibi. Akili."

"Kwa hiyo hii ndiyo akili yako."

"Ndivyo wanasema."

Sikukasirika kwa namba. Mtoto shuleni hupata alama mbovu, ukamwambia rudi ukasome, yakaisha. Nilikasirika kwa sababu ya namna alivyosema "ndivyo wanasema." Alisema kama mtu aliyekwisha kukubali. Jumamosi iliyofuata walicheza, na watu wa timu nyingine walikuja wakiwa wamejua. Kila alipogusa mpira walihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na nne, halafu wanaangua kicheko. Kijana ambaye huuona mwanya kabla haujafunguka akaanza kupiga mpira nyuma, nyuma, nyuma, kama anayerudisha kitu alichokopa. Kocha akamtoa kabla ya mapumziko. Mimi nilikuwa jukwaani na mwavuli wangu. Nilisikia kila namba.

Hapa lazima niseme jambo linalonihusu mimi, maana bila hilo msomaji hataelewa kwa nini niliondoka siku ya pili kwenda Ngagara kwa miguu.

Mimi nimesoma madarasa matatu tu, na chuo cha Kurani. Mume wangu alipofariki, shemeji yangu alikuja na karatasi ya Kifaransa. Akasema ni ya kubadilisha jina kwenye mita ya umeme, nitie kidole. Nikatia. Ilikuwa ni karatasi ya kiwanja chetu cha Kamenge. Kiwanja kikaenda, na shemeji naye akaenda, na umeme ukabaki kwa jina la marehemu. Sikulia mbele ya mtu. Lakini mjukuu wangu alipojua kusoma, akiwa na miaka minane, nilimkalisha kwenye mkeka nikamwambia: karatasi yoyote inayoingia nyumba hii, utaisoma mara mbili kabla hujasema neno. Mara moja ni ya macho. Mara ya pili ni ya akili.

Akawa msomaji wangu. Halafu akawa msomaji wa avenyu nzima. Watu walikuja na barua za hospitali, na karatasi za komine kutoka serikalini, na ujumbe wa simu. Anasoma. Namwambia, haya, tena. Na ile mara ya pili ndipo alipokuwa akishika kitu. Jirani yangu aliletewa dawa, mara ya kwanza mtoto akasoma vidonge viwili kwa siku. Mara ya pili akasema, apana, ni kimoja kwa siku, kwa muda wa siku mbili. Mama wa watu angekunywa nini?

Basi nilipomuuliza, "Kwa nini hukumaliza?" na akanijibu, "Nilikuwa nasoma mara mbili, Bibi," niliukumbuka ule mkeka. Kumi na nne ile ilikuwa na mkono wangu ndani yake.

Asubuhi nikavaa. Petroli ilikuwa hakuna mjini, magari yamepanga foleni tangu juzi, mabasi machache yamejaa mpaka mlangoni. Nikaenda kwa miguu mpaka Ngagara, jua likiwa bado na huruma. Ofisi ya timu ni chumba kimoja chenye feni isiyozunguka. Nilimkuta mtaalamu mezani na kocha kwenye kiti cha dirishani. Kocha ni mtu mzima mwenye kiuno kibovu, aliyewahi kucheza yeye mwenyewe. Mtaalamu alisimama aliponiona, heshima alikuwa nayo, siwezi kumnyima.

"Karibu, Nyogokuru," akasema, akiniita bibi kwa Kirundi. "Kaa."

"Sikai. Nimekuja kuona karatasi ya mjukuu wangu." Nikataja jina.

"Karatasi ni siri, Nyogokuru. Ni mambo ya binafsi ya mchezaji."

"Siri? Namba yake mumeibandika mulangoni, hata muuza karanga anaijua. Kilichobaki siri ni nini, wino?"

Kocha akakohoa akitazama nje. "Muonyeshe," akasema.

Mtaalamu akafungua katoni, akatafuta, akatoa. Niliitambua hati ya mjukuu wangu, inaegemea kulia kama mtu anayekimbilia upepo. Pembeni palikuwa na alama nyekundu, zote za namna moja.

"Hizi nyekundu ni za nini?"

"Ni za sahihi."

"Na alipokosa muliweka nini?"

Akatazama. Akageuza karatasi. Naamini ndiyo kwanza aliitazama kama karatasi ya mtu.

"Hakukosa," akasema. "Amejibu kumi na nne, zote ni sahihi. Lakini hakufika kwenye zile nyingine."

"Toa ya yule wa kwanza."

"Nyogokuru, siwezi kukuonyesha ya mtu mwingine."

"Usinionyeshe. Niambie tu. Amekosa ngapi?"

Alitafuta kwa muda. "Amepata ishirini na tisa. Alijibu zote. Kwa hiyo amekosa kumi na moja."

"Na yule wa katikati?"

"Ishirini na mbili. Naye alijibu zote."

"Kwa hiyo amekosa kumi na nane. Haya, nielezee mimi nisiyesoma. Mutu amekosa mara kumi na nane, anapanda basi. Mutu hajakosa hata mara moja, anabaki. Na hii ndiyo munaita akili?"

"Testi inapima kasi ya akili, Nyogokuru. Na mpira ni kasi."

"Mpira ni kasi ya mguu wa nani? Wewe umewahi kumuona akicheza?"

Alikuwa hajamuona. Mtu amekuja na kipimo, amempima mchezaji, hajamuona akicheza! Fundi mito kama mimi, ukiniletea mto uliopasuka, kitu cha kwanza nitaushika. Nitaubonyeza, nijue ndani kuna sufi au kuna matambara. Sitakuuliza mto wako unajua Kifaransa.

Kocha ndiye aliyejibu, bila kugeuka. "Yule kijana, kabla mpira haujamfikia, anatazama nyuma mara mbili. Bega hili, bega hili. Ndiyo sababu anacheza mguso mmoja. Wenzake wanatazama mara moja, wanaporwa."

"Umelisema hilo kwa prezida?" nikamuuliza.

Akajifanya anarekebisha kiti. Nikaelewa. Kocha naye ana mkataba.

Mtaalamu akajaribu kunilainisha. "Ngoja nikuonyeshe swali moja tu, Nyogokuru, uone si ngumu. Treni mbili zinatoka katika miji miwili..."

"Sikuja kupimwa. Nimekuja kuuliza. Na treni utaipata wapi Burundi? Huyu hajawahi kuiona treni, na swali lake amelipata. Wewe ungepata swali la kuvuta nyavu ziwani Ruziba?"

Kocha akacheka, akashika kiuno. Mtaalamu hakucheka, lakini alikunja karatasi taratibu, akasema atazungumza na prezida. Jioni ile ile kocha akapiga simu: mjukuu wako atarudia Alhamisi, maswali mengine, muda ule ule.

Nilirudi nyumbani nimeshinda. Ndivyo nilivyojiona. Mafundi waliniuliza kutoka chini ya gari, "Bibi, imekuwaje kwa Wazungu weusi?" Nikawaambia wafunge midomo yao na nati zao.

Jumatano mchana wenzake wawili wa timu walikuja uani kwangu, golikipa na mshambuliaji, wakala vitumbua vyote vya sahani, wakaanza kumfundisha.

"Tatizo yako unasoma," akasema golikipa.

"Sasa nisisome?"

"Usisome! We chora tu. Ukiona swali refu, piga B. Mi ile ya treni sijasoma hata mustari, nikapiga B, ikakubali."

"Na ile ya tarakimu?"

"B."

"Na kama si B?"

"Kwani wanakukata alama? Hawakati! Ukikosa ni sifuri, ukiacha ni sifuri. Sasa unaacha ya nini?" Golikipa akanigeukia na kinywa kimejaa. "Bibi, mutuachie huyu siku moja tumufundishe ujinga, halafu tutawarudishia."

Walicheka wote, nami nikacheka kidogo, maana kijana yule ana ulimi. Lakini walipoondoka, mjukuu wangu alibaki amekaa kwenye ngazi. Mimi nilikuwa nashona mdomo wa mto. Akasema bila kunitazama:

"Bibi, kesho nisome mara moja?"

Mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu, mwenye ndevu, aliyefunga magoli mbele ya umati. Anaomba ruhusa ya kuvunja sheria ya nyumba, kwa sababu sheria ile niliiweka mimi, na hajawahi kuivunja hata nisipokuwapo. Hapo ndipo nilipoona walichokifanya. Walimpima, wakamkuta na kitu kizuri, wakakiita ugonjwa, na sasa wananileta mimi nimpe dawa ya kukitoa.

Ningesema apana, angebaki. Angehesabiwa mpaka kumi na nne kwenye kila uwanja wa nchi hii, na mkataba unakwisha mwezi wa sita.

"Mara moja," nikasema.

"Na zile sitakazofika?"

"Fanya wanavyofanya wenzako."

Akasema haya, akaingia ndani. Mimi nikafumua ule mshono nilioushona, maana ulikuwa umekwenda upande.

Alhamisi akapata ishirini na saba. Simu zikalia. Wakamwekea picha za makofi. Kocha akampigia, prezida mwenyewe akampigia, akamwambia, "Hongera, nimefurahi kuona umejituma, akili imepanda." Kwa siku kumi! Mimi nafuga kuku, kuku hawapandi uzito hivyo kwa siku kumi.

"Umekosa ngapi?" nikamuuliza.

"Kumi na tatu."

"Zipi?"

"Sijui, Bibi. Nyingine sikuzisoma."

Alikuwa anatabasamu. Nilitaka kufurahi naye, na mguu mmoja wa moyo wangu ulifurahi, maana alikuwa ameinua kichwa tena, na asubuhi yake aliwajibu mafundi: "Spana sasa ni ishirini na saba, munayo?" Lakini niliwaza, hii ndiyo mara ya kwanza kijana huyu ametia mkono wake chini ya neno asilolisoma, na nchi nzima inampigia makofi.

Jumapili, baada ya misa, mwanamke aligonga lango langu. Alikuwa amevaa kitenge kizuri cha kanisani, viatu amevishika mkononi, vumbi mpaka kwenye vifundo. Akasema ametoka Ngagara, huuza mboga za lengalenga pale sokoni, na mwanawe ni beki wa timu ile ile. Nikamkaribisha, nikampa kiti, nikampa chai. Akakishika kikombe bila kunywa.

"Mama," akasema, "sikuja kugombana."

"Sema, mwenzangu."

"Wa kwangu alikuwa na ishirini na moja. Alikuwa mutu wa ishirini, wa mwisho kupanda. Wa kwako amerudia, amepanda, wa kwangu ameshuka. Basi ni moja, mi najua. Lakini nataka kuuliza, wa kwako alirudia kwa nini, na wa kwangu mbona hakurudia?"

Wapo watakaosema ningemjibu kwamba wangu hakukosa hata moja. Lakini wake alikosa ngapi? Sikujua. Hata kuuliza sikuuliza. Nilisimama katika ofisi ile nikapiga kelele juu ya haki, na haki niliyoitaka ilikuwa na jina la mtu mmoja.

"Kwa sababu mimi nilikwenda, nawe hukwenda," nikamwambia. Ilikuwa kweli, na ilikuwa mbaya.

"Mi sikujua kama mutu anaweza kwenda."

"Kunywa chai. Kesho tutakwenda wote."

Mjukuu wangu alikuwa amesikia kutoka chumbani. Mama yule alipoondoka akatoka, akasimama mlangoni. Nilimtazama, naye akajua ninawaza nini.

"Bibi, usiniambie nishuke."

"Sijasema kitu."

"Macho yamesema. Ile lisiti sikuiandika mimi. Nikishuka, prezida atamuweka mutu wake, hatamuweka yule. Mi nitakwenda."

Nilitaka kumkaripia. Lakini alikuwa amefikiri vizuri, tena mara mbili, nikaliona hilo. Nikamwambia akapige pasi jezi yake.

Jumatatu tulikwenda, mimi na yule mama. Mtaalamu alituona mlangoni akakaa, hakusimama safari hii.

"Tunataka karatasi ya beki," nikasema.

Akafungua katoni ile ile. Ilikuwa imejaa karatasi mpya, nyeupe, hazijaandikwa. Akafungua droo. Akamwita sekretari wa timu, wakasemezana Kifaransa. Halafu akasema: "Zile za kwanza tumezitupa. Tulikwisha kuingiza namba kwenye mashine."

"Kwa hiyo alichokosa hakijulikani," akasema yule mama.

"Namba inajulikana, Mama. Namba inatosha."

"Inamutosha nani?"

Sikuwa nimetegemea sauti ile kutoka kwake. Alikuwa ameongea polepole tu tangu jana. Mtaalamu akasema yeye hana uwezo, basi linaondoka kesho asubuhi, majina yamekwisha kutumwa huko wanakokwenda. Mama akauliza mara ya pili, inamutosha nani, na sekretari akatuomba tutoke kwa sababu wana kazi.

Asubuhi ya Jumanne tulikuwa pale tena, maana mimi namsindikiza wangu, na yeye alikuja kwa sababu beki wake alikuwa ameitwa. Ameitwa kufanya nini? Kupakia mipira. Wale saba waliobaki waliitwa kubeba mizigo ya wale ishirini. Kijana mrefu, mpole, mabega kama mlango, anainua mifuko ya viatu ya wenzake anaiweka juu ya basi. Mama yake akawa anamtazama huku amefunga mikono.

Basi likajaa. Wachezaji wakakaa, kocha mbele, daktari nyuma yake. Mtaalamu naye akapanda. Akakaa safu ya pili, na kwenye kiti cha pembeni yake akaweka ile katoni ya karatasi, kwa maana atawapima tena huko huko, baada ya kila mechi. Akaifunga kwa mkanda isianguke.

Nikaiona. Na mtu mwingine aliiona vilevile, kwa sababu mjukuu wangu, aliyekuwa safu ya nyuma, akainuka. Akafungua ule mkanda, akaibeba katoni, akarudi nayo kwenye kiti chake, akaipakata.

"Kocha," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "kiti kiko."

Kocha akamtazama mtaalamu. Mtaalamu akamtazama prezida, aliyekuwa chini kando ya gari lake. Prezida akatazama simu.

"Jina lake halimo," akasema mtaalamu.

"Sikusema jina," akajibu mjukuu wangu. "Nimesema kiti."

"Na karatasi zako hazichezi beki!" golikipa akapiga kelele kutoka nyuma, na kicheko kikapasuka. Kocha akashika kiuno, akasimama mlangoni mwa basi, akamwita yule beki.

"Kucheza hutacheza, umesikia? Majina yamekwenda. Lakini utafanya mazoezi na wenzako. Laissez-passer ya kuvukia mpaka unayo?"

"Ninayo, Kocha." Alikuwa nayo mfukoni. Alikuwa ametembea nayo siku zote zile.

Mama yake akamkamata mkono. "Haendi! Hatakwenda kubebea watu maji! Kama ni mchezaji acheze, kama si mchezaji akae kwake."

"Mama, wacha."

"Siwachi. Wamekutupa, sasa wanakuokota kama ganda?"

"Mama," akasema kijana, taratibu, "wacha nikaone." Akautoa mkono wake kwa upole, akapanda, akakaa pembeni ya mtaalamu, ambaye ilibidi asogee mpaka kwenye kioo, kwa sababu mabega yale hayakutengenezwa kwa kiti cha karatasi.

Prezida hakusema neno. Mtu wa sayansi asiyesema neno! Mlango ukafungwa, basi likaondoka kuelekea barabara kubwa, mjukuu wangu na akili yote ya timu juu ya mapaja yake.

Tulibaki kwenye vumbi, wanawake wawili. Nilikuwa na hasira bado, lakini ndani yake nilikuwa nimeanza kujisifu kidogo, nitasema kweli. Kisha mwenzangu akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akaniuliza:

"Huko wanakokwenda, Mama, kama jina lake halimo, atalala wapi? Atakula wapi?"

Sikuwa nimelifikiria. Hakuna aliyelifikiria, si kocha, si mjukuu wangu. Tulipigania kiti, hatukupigania kitanda.

Nikakaza mtandio wangu. Mlango wa ofisi ulikuwa bado wazi, sekretari anafagia.

"Twende tukamuulize," nikasema. Akatuona tunakuja, akaanza kufagia haraka.